Picha imebaki, mvuta tambi kaondoka

Mnauliza wiki hii ni mgahawa gani tuliuendea kwa hamu tukatoka wanyonge, na kama tutarudi. Wangu ni mgahawa mdogo wa Kichina hapa Dar es Salaam, ghorofa ya kwanza, meza saba, jina naliweka kapuni. Ningekwenda peke yangu ningeshasahau. Nilimpeleka mama.

Kisa chenyewe kinaanzia Wuhan, nilikosoma miaka mitano, mmoja wa lugha na minne ya uhandisi. Kijana wa Tanga asiyekula nguruwe akifika China anakuwa na swali moja tu: nitakula nini? Mwenzangu mmoja Mkomoro akanionyesha maandishi mawili juu ya mlango, karibu na geti la chuo. Yanasomeka qingzhen, "safi na kweli", na ndiyo alama yao ya chakula halali. Ndani alikuwamo baba mmoja wa Kihui, Waislamu wa kule, kofia nyeupe kichwani. Nikamtolea salamu. Akaitikia kwa matamshi ambayo maalimu wangu wa Tanga angeyachapia bakora, lakini aliitikia, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa pale.

Alichouza ni tambi za supu ya ng'ombe za Lanzhou, mji mkuu wa jimbo la Gansu, ulio kando ya Mto Manjano. Yeye mwenyewe wala hakuwa wa Lanzhou. Alitoka Hualong, katika jimbo jirani la Qinghai, kama walivyo wengi wenye vibanda vya jina hilo katika miji ya China. Ni sawa na urojo wa Zanzibar unaouzwa Dar na mtu ambaye hajawahi kupanda boti. Lakini alizijua, jamani. Wana kanuni yao ya bakuli: moja angavu, mbili nyeupe, tatu nyekundu, nne kijani, tano njano. Supu iwe angavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, kotmiri na majani ya kitunguu saumu juu yake, tambi zenyewe njano. Unga hutiwa kitu cha jamii ya magadi ili uvutike usikatike. Zamani walichoma mmea wa jangwani wakachukua majivu yake.

Halafu kuna ule mvuto. Anachukua donge, analibamiza mezani, pa!, analivuta kwa mikono miwili, anakunja, anavuta tena. Kila mkunjo nyuzi zinakuwa maradufu: mbili, nne, nane. Mkunjo wa nane una nyuzi 256. Nilihesabu, mhandisi tena. Kila nilipompigia mama simu nilimsimulia nyuzi hizo, na yeye kila mara alijibu, "Siku moja utanipeleka nikaone."

Sasa mwaka huu mama kaja Dar kwa ajili ya macho yake, na mimi nimeshapita chini ya jengo lile na kuona picha kubwa ukutani: bakuli la Lanzhou, kanuni zote tano zimetimia, na maandishi mawili ninayoyajua. Sikuuliza mtu. Jumamosi nikamvalisha mama buibui jipya, tukapanda ngazi polepole.

Nilianza kuingiwa na wasiwasi kabla ya kuketi, maana palikuwa kimya. Hakuna pa! wala meza ya unga, ila televisheni na mlio wa jokofu. Mhudumu, binti mpole, akamwamkia mama, akatuletea menyu yenye chipsi kuku katika ukurasa wa kwanza. Niliagiza mabakuli mawili kwa sauti ya mwenye duka.

Yalikuja baada ya dakika arobaini. Supu ilikuwa nyeusi ya sosi ya soya, ladha ya ule mchemraba wa dukani. Figili hakuna, pahali pake kabichi. Kwa mafuta ya pilipili tuliwekewa chupa ya tomato. Nyama vipande vitatu, kimoja mshipa. Na tambi, naapa, zilikuwa za pakiti, bado zina ile mikunjo ya kiwandani. Shilingi 18,000 bakuli moja. Wuhan nilikuwa nalipa yuan kumi na nashiba mpaka usiku.

Mama alikula kijiko cha kwanza, cha pili, akaniangalia. "Mwanangu, si ni tambi hizi?" Nikasema ndiyo, ila. Hakungoja hiyo ila. Akamgeukia mhudumu: "Binti yangu, una sukari?"

Nilikwenda jikoni, kwa hasira kidogo. Mpishi ni kijana wa Singida, na sikuweza kumgombeza, maana alisema ukweli kabla sijamaliza swali. Mchina aliyekuwa akivuta tambi amerudi kwao tangu mwezi wa pili. Yeye aliajiriwa kwa chipsi. Alijaribu kuvuta siku tatu, unga ukawa unamkatikia mkononi. Anatumia ngano ya chapati na hakuna aliyemwambia habari ya magadi. Tajiri akasema nunua pakiti. Picha haikushushwa kwa sababu ndiyo inayoleta wateja. Hapo ndipo kosa lao lilipo kwangu. Mpishi kuondoka ni jambo la kawaida, lakini unaposhindwa kupika kitu kiondoe ukutani, au basi mwambie mteja kabla hajaagiza.

Na langu ni kwamba nilimlisha mama maneno miaka yote hiyo. Hata bakuli la Wuhan lingepata taabu kuyafikia.

Kurudi? Akija mvutaji, nikiwa ngazini nikaisikia ile pa!, nitapanda. Picha sipandii tena.

Mama yuko Tanga sasa. Juzi kanipigia: amekanda unga, ametia magadi kidogo, amevuta na shangazi akiwa ameshika ncha ya pili. Umekatika mkunjo wa nne. Nikamwambia basi ulifikisha nyuzi nane. Akasema anajua, amezihesabu, na wamezila kwa sukari na tui.