Omba uone mchoro wa mtaa mzima, si hati ya kiwanja chako tu

Kiwanja changu nilikinunua kwa mtu aliyekipata katika Mradi wa Viwanja 20,000, ule ulioanza mwaka 2002 na kupima maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam kama Bunju, Mbweni, Mtoni Kijichi, Toangoma na Buyuni. Niliamini nimefanya kila kitu sawasawa. Hati nilikagua, kodi ya pango la ardhi ilikuwa imelipwa, mpimaji alikuja akafukua bikoni zote nne, zile alama za mpaka, nikiziona. Dalali naye akanipa neno lake: "Dada, huku ni makazi tupu. Utalala."

Kiwanja cha pili kutoka kwangu kilikuwa pori. Nilijenga, nikahamia, bado ni pori. Mwaka wa tatu wakaja mafundi wakainua ukuta, ndani yake likasimama banda kubwa la makuti, kisha zikafika spika. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku wa manane madirisha yangu yalitetemeka. Mama yangu ana shinikizo la damu, na wikiendi alikuwa akihamisha godoro kwenda chumba cha nyuma.

Majirani tulikusanyana, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kutoka hapo tukafika halmashauri tukiwa na hasira zetu. Afisa mipango miji alitusikiliza hadi mwisho, akatandaza mchoro mezani, akaweka kidole. Kiwanja kile kilichorwa tangu mwanzo kuwa cha makazi na biashara. Mwenye baa alijenga alichoruhusiwa. Miongoni mwetu wote tuliosimama pale, hakuna aliyewahi kuuona mchoro ule.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kiwanja sasa hivi, sikiliza. Hati inakueleza kiwanja chako peke yake: ukubwa, miaka ya umiliki, matumizi. Majirani zako wa baadaye wamo kwenye mchoro wa mipango miji. Nenda hadi ofisi ya ardhi ya halmashauri, taja namba ya kitalu, omba kuuona, na muombe afisa akusomee ufunguo wa alama ulio pembeni. Tazama viwanja vinavyokuzunguka kimoja kimoja: kipi ni makazi, kipi biashara, kipi cha kuabudia, kipi cha shule, na wapi pameachwa eneo la wazi. Kisha rudi mtaani ukalinganishe. Ukikuta nyumba imesimama palipochorwa eneo la wazi, usinunue hapo wala jirani ya hapo mpaka upate maelezo ya maandishi. Ugomvi wa maeneo ya wazi hapa mjini haumaliziki haraka, na unaweza kukurithisha kesi isiyo yako.

Uliza pia barabara. Kiwanja kilicho kwenye barabara pana kina bei kubwa kwa sababu wengi wanaona fremu za maduka mbele yake. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 ili watu wa kawaida wajenge nyumba za kuishi. Pita leo Shekilango uone zimebaki ngapi. Ukitaka utulivu, ingia ndani.

Kuhusu ile baa: kuwa na kiwanja cha biashara hakumpi mtu haki ya kelele. Hilo tulichelewa kulijua. Kelele zina kanuni zake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tulipoacha kudai baa ifungwe, tukadai sauti ishushwe, tukaandika tarehe na saa za kila usiku kwa wiki sita, mambo yalisogea. Spika ziligeuzwa, muziki ukapunguzwa. Mama amerudi chumbani kwake.

Jambo la pili ni matangazo ya kubadili matumizi. Mtu akitaka kugeuza nyumba ya makazi kuwa lojingi au ghala, lazima aombe kibali cha mamlaka ya upangaji, na majirani wana nafasi ya kupinga. Sasa karatasi ya tangazo inabandikwa, watu wanapita. Ukiiona, ipige picha, soma siku ya mwisho ya pingamizi, andika barua, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo kwenye kikao cha mtaa hayaingii kwenye faili.

Lakini nataka niwe mkweli kwa upande wa pili, kwa sababu mimi mwenyewe nimebanwa na kanuni hizi. Hati yangu inaruhusu nyumba moja kuu na mabanda yake ya uani. Kijana wangu alipooa nilitaka kumjengea nyumba ndogo kamili nyuma, yenye jiko lake na mlango wake. Nikaambiwa hiyo ni nyumba ya pili.

Wazo hili la nyumba moja katikati ya bustani lina asili yake. Wajerumani na baada yao Waingereza waligawa Dar es Salaam kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati. Oysterbay ilichorwa kwa maofisa wa Kizungu: nyumba ya bwana mbele, vyumba vya watumishi nyuma. Viwanja vyetu vya ujazo mdogo, yaani vile vikubwa vyenye nyumba chache, vimerithi sura ileile. Mtumishi amewekewa nafasi uani. Mwana aliyeoa, au bibi anayetaka kujipikia, hakufikiriwa.

Mimi naona tunapigania kitu kisicho chenyewe tunapopinga familia ya pili kwenye kiwanja kikubwa huku tukikaa kimya gereji inapofunguliwa. Watu kuongezeka hakujawahi kunikosesha usingizi. Kinachohitaji kuangaliwa ni maji taka, kwa kuwa wengi wetu tunatumia mashimo na si mabomba ya jiji, na nafasi ya kutoka mpakani ili upepo upite. Joto la Februari mnalijua. Mambo hayo yakipimika, nyumba ya pili ya familia iruhusiwe.

Sikujenga kwa kificho, ingawa fundi alinishawishi tuite "stoo". Nyumba isiyo na kibali cha ujenzi inaweza kuwekewa alama ya X ya kubomolewa, na anayelala ndani yake ni mwanao. Nimeandika maombi, mchoraji amenitengenezea ramani inayoonyesha shimo jipya la maji taka na umbali wake kutoka kwa kila jirani. Majirani wawili wameshasaini kwamba hawana pingamizi. Wa tatu ni mwenye baa, na nitakwenda kwake Jumamosi mchana, kabla wateja hawajaanza kuingia.