Ditekta ikilia, usishangilie mapema

Nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha unga wa sembe. Kila saa tulipima ditekta ya chuma, mashine inayonasa vipande vya chuma ndani ya pakiti: kijana anaweka kijiti cha majaribio, chenye tufe dogo la chuma, juu ya mkanda, kinapita, mashine inalia, anatia tiki. Mwezi mzima tiki tupu, nami nikijivunia fomu zangu.

Siku moja akaja mkaguzi wa mteja, mama mmoja mpole. Fomu hata hakuziuliza. Alichukua kijiti chenye tufe la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, la milimita 2.5, akakisokomeza katikati ya pakiti ya kilo 2, akaifunga na kuirudisha kwenye mkanda. Ikapita kimya. Akarudia, kimya. Mara ya tatu ikalia, lakini pakiti iliyosukumwa kapuni, kwenye kapu la zilizokataliwa, ilikuwa ya nyuma yake.

Kosa letu lilikuwa hili. Koili za ditekta, yaani nyaya zake za kuhisi chuma, zimeuzunguka mdomo wake pakiti zinapopita, kwa hiyo chuma kikipita karibu na kingo kinashikwa kirahisi; penye udhaifu ni katikati kabisa. Kijiti chetu kililala juu ya mkanda, chini pale. Tulikuwa tunaipima mashine mahali inapojiweza.

Kwa hiyo pima na bidhaa yenyewe, kijiti kikipita karibu na katikati ya mdomo kadiri pakiti inavyoruhusu. Pima chuma cha kawaida, shaba na stenlesi, kila kimoja mara tatu mfululizo, na zote tatu zishikwe. Stenlesi usiiruke kamwe: sumaku yake hafifu, umeme haupitishi vizuri, na nyavu za machekecheo yetu ndizo hizo hizo. Unga mkavu una nafuu. Wa mikate ya moto au nyama mna kazi zaidi, maana unyevu na chumvi vyenyewe huishtua mashine, halafu mtu anachoka na kelele anapunguza makali ya mashine kuhisi chuma.

Kuhusu ile pakiti ya nyuma: fundi alikuwa ameongeza kasi ya mkanda wiki ile, muda wa pigo la upepo linalosukuma pakiti kapuni hakuugusa. Ndiyo maana siku hizi sihesabu mlio, nakwenda kuchungulia kapuni.

Jaribio likifeli, kila kilichopita tangu lililofaulu mwisho kinazuiwa. Mama akaniuliza letu lilifaulu lini. Nikatazama fomu, nikanyamaza. Tulipitisha upya ghala zima siku mbili, malori yamepaki nje, madereva wakicheza bao.