Mbona nakumbuka pushapu, ahadi sizikumbuki?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika kampeni za mwaka 2015 nilihudhuria mikutano kadhaa. Hadi leo sijasahau habari za Magufuli kupiga pushapu jukwaani, lakini ukiniuliza aliahidi nini, sina hata moja la kukutajia. Je, sisi wapiga kura tunarubunika kirahisi kiasi hiki? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usijilaumu upesi. Watafiti wa saikolojia ya siasa, akiwemo Milton Lodge wa Marekani, wanaeleza kwamba anayemsikiliza mgombea haweki kila neno kichwani, bali kila analolisikia huongeza au kupunguza kidogo hesabu aliyo nayo moyoni juu ya mtu yule, kisha neno lenyewe husahaulika, hesabu ikabaki. Ndiyo maana siku ya kura mtu humjua kabisa amtakaye, ila akiulizwa sababu huanza kuitafuta papo hapo.

Pushapu zile nazo hazikuwa mchezo mtupu. Wakati ule afya ya mpinzani wake mkuu, Edward Lowassa, ilikuwa gumzo la vijiweni, kwa hiyo aliyelala kifudifudi jukwaani akajiinua kwa mikono alikuwa akijibu swali ambalo watu walikuwa nalo tayari, tena bila kumtaja mtu. Lowassa alipopanda daladala jijini Dar es Salaam alijibu swali lingine: kama aliyewahi kuwa Waziri Mkuu anaijua adha ya abiria. Kaulimbiu ya "Hapa Kazi Tu" nayo ilishika kwa sababu Magufuli alikuwa Waziri wa Ujenzi, na barabara watu walikuwa wakiziona. Ingetamkwa na mgombea asiyejulikana kwa kazi yoyote, nadhani ingeishia kwenye fulana.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni sura. Mwaka 2005 Alexander Todorov na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walioneshwa picha za wagombea wa Seneti ya Marekani wasiowafahamu, wakaulizwa nani anaonekana hodari zaidi. Waliyemchagua ndiye aliyekuwa mshindi katika takriban asilimia 70 ya majimbo. Hakuna sera iliyosomwa hapo.

Safari nyingine, kabla hujafika nyumbani kutoka uwanjani, andika kwenye simu mambo mawili aliyoyaahidi mgombea na fedha alizosema zitatoka wapi. Ukijikuta unakumbuka wimbo na kofia tu, angalau utajua hesabu yako imejengwa na nini.