Dogo, hiyo "kakesi" usiipandie kizimbani peke yako

Juzi kanipigia dogo wa mwaka wa pili, kesho yake anapanda kizimbani kwa kuharibu mali. Namuuliza wakili yuko wapi, ananijibu "kaka ni kakesi tu, nakiri, nalipa faini, nawahi testi". Nikaishiwa nguvu, maana maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi.

1. Polisi usiandike maelezo ukiwa peke yako. Jina na unapokaa toa, kwa adabu, mengine sema unamsubiri wakili.

2. Usikiri ili uwahi. Hapa ndo nilipoliwa. Mlango wa kioo wa hosteli ulivunjika tukisukumana kwa utani, nikadakwa mimi kwa sababu wenzangu walikuwa na mbio kunizidi. Siku ya kesi nina testi saa nane, notisi nimezikunja, nakariri kwenye benchi la mahakama kabisa! Karani kasoma shitaka, kweli si kweli? Nikasema kweli, si kioo kimevunjika jamani? Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya kosa, humo ndani kuna "kwa makusudi", nimelisikia kwa masikio yangu haya, hakimu akauliza kama maelezo ni sahihi, nikaangalia saa ya ukutani nikajibu sahihi mheshimiwa. Neno hilo moja wakili hata wa juzijuzi angelidaka, mimi sikukusudia chochote. Faini washkaji walichanga, testi niliiwahi, nikapata sita kwa ishirini. Miaka minne baadaye naomba leseni ya kazi, fomu inauliza: umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai? Nimeshika kalamu pale mpaka wino ukafanya doa kwenye kiboksi. Mi nilidhani faini ya mahakama ni kama ya maktaba, unalipa yanaisha, kumbe nilishatiwa hatiani pale pale niliposema kweli.

3. Hela huna, najua. Vitivo vingi vya sheria vina kliniki ya msaada wa kisheria, kagonge hodi leo. Na usikae ukisubiri wakili wa kulipiwa na serikali, hata Marekani mahakama yao ya juu ilishaamua mwaka 1979 kwamba ukiishia faini bila kifungo, serikali hailazimiki kukupa wakili. Hata saa moja tu ya ushauri inaweza kukuonyesha njia ya kumalizana na mlalamikaji kabla ya hukumu.

4. Chuo nacho kina kesi yake. Kamati ya nidhamu inaweza isisubiri mahakama, na ile barua yako ya kuomba radhi yenye machozi inaweza kutua mezani kwa mwendesha mashtaka. Wakili aisome kwanza.

5. Shati la kola, simu zima. Dhamana usiruke, tafadhali.

Dogo nimemwambia aseme si kweli, aombe tarehe nyingine atafute wakili. Kimya kidogo, halafu: "sawa kaka, ila testi je?"

Nimemtumia namba ya kliniki, sikumjibu kingine.