Laki Mbili na Nusu Yako: Usinunue Gari Bado

Jumatatu nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Gilgil. "Mzee, habari ya siku. Nimeweka akiba ya laki mbili na nusu. Ninunue gari gani nianze langalanga, hizi mbio za magari?" Nimeusoma mara nyingi. Ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi mwaka 1991, ila mimi sikuwa na hata elfu kumi.

Jibu langu ni moja tu: usinunue gari bado. Shika bendera kwanza, uwe marshali, yule anayejitolea kusimamia usalama kando ya njia ya mbio.

Najua hukutaka kusikia hilo, na wala si wewe peke yako. Sisi sote tunaoandikiana hapa tunataka usukani.

Mimi ni mtoto wa Nakuru, na Pasaka kwetu ilikuwa Safari Rally, yale mashindano makubwa ya magari. Baba alikuwa makanika, na hakuna jina alilolitaja kama la Joginder Singh, aliyeshinda Safari ya 1965 kwa Volvo kuukuu, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Baba hakujali sana ushindi wa Lancer. Hadithi yake ilikuwa ile Volvo. Kwake ilithibitisha kwamba fundi mwenye gari lililokwisha tumika anaweza kuwatimulia vumbi wenye magari mapya. Niliimeza hadithi hiyo nzima nzima.

Kwa hiyo nilipopata kazi gereji, kila shilingi iliyobaki iliingia kwenye bagi yangu. Kilikuwa kigari cha kiti kimoja, fremu ya mabomba niliyochomelea mwenyewe usiku, injini ya Toyota iliyotolewa kwenye ajali, helmeti ya kuazima. Nikaipeleka Solai kwenye otokrosi, mbio za kuzunguka uwanja wa udongo ukishindana na saa. Nilijua kila nati ya kigari kile. Kuhusu uwanja wenyewe sikujua lolote.

Mzunguko wa pili mtu alipinduka mbele yangu. Bendera nyekundu, ya kusimamisha mbio, ikatoka. Sikuiona, au niliiona nikadhani ni ya mwingine, hadi leo sijui. Nilikanyaga mafuta. Marshali mmoja, mzee wa makamo, aliruka pembeni, na gurudumu langu likapita pale miguu yake ilipokuwa.

Nilingoja anitukane. Alikuja polepole, akaniangalia, akasema: "Mashindano yajayo hushindani. Utakuja kusimama hapa nilipokuwa nimesimama." Nikaenda. Nilisimama pale siku nzima, vumbi limejaa kooni, nikaona kutoka nje jinsi dereva anavyokuwa kipofu. Sikupata kusahau.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Nilishindana nilipokuwa na pesa ya tairi, nikajitolea nilipokuwa sina. Kikombe changu ni kimoja, nafasi ya tatu katika daraja langu, 2004, na kiko juu ya televisheni hadi leo. Lakini kuna vijana wanaoendesha rali leo ambao niliwafunga mishipi kwa mikono hii wakiwa bado kwenye daraja la Bambino, lile la watoto, miguu ikifikia pedali kwa shida. Hilo najivunia, na sitalificha.

Mwaka 2021 Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia, baada ya miaka 19, nilikuwa upande wa Naivasha tangu saa tisa usiku, barabara imefungwa, mavumbi laini kama unga wa ngano yakifika kwenye kifundo cha mguu. Sébastien Ogier alishinda. Mimi nilimwona kwa sekunde nne hivi. Zilinitosha.

Na kuna siku nyingine, rali ya humu nchini, gari lilipinduka kwenye kona yangu. Watazamaji wetu mnawajua, wana moyo wa kusaidia. Zaidi ya watu thelathini walikimbilia barabarani kulisukuma, na gari jingine lilikuwa dakika mbili nyuma. Nilipiga filimbi hadi midomo ikauma. Nikawarudisha kwa mikono, mmoja mmoja, na msaidizi wa dereva wa gari lile akakimbia nyuma kuweka pembetatu nyekundu na kuonyesha kibao cha OK, cha kusema hawajaumia. Gari lililofuata lilipita barabara ikiwa tupu. Kona ile ndiyo Solai yangu ya pili, na safari hii niliona.

Basi mwezi uliopita klabu yetu ya mbio ilifanya hafla. Waliojitolea walisomwa majina, wakapewa vyeti. Langu halikusomwa. Miaka thelathini na zaidi. Mke wangu alinishika mkono chini ya meza, nikatabasamu, nikapiga makofi. Usiku ule sikulala. Naandika haya kwa sababu bado linaniuma, na kwa sababu wewe kijana wa Gilgil unapaswa kujua kwamba mchezo huu unaweza kukusahau. Ukiingia ili utajwe, utatoka na uchungu. Ingia kwa sababu huwezi kukaa mbali na harufu ile ya petroli na udongo uliolowa. Watu wengi hukimbilia usukani kabla hawajajifunza kusimama. Simameni kwanza, ndugu zangu! Mheshimuni mwenye bendera.

Kwa hiyo, pesa yako iache benki. Nenda ofisi ya klabu iliyo karibu nawe, ujiandikishe kama marshali. Usisimame upande wa nje wa kona. Usiipe barabara mgongo, hata ukidhani gari la mwisho limepita, maana gari la kufagia, lile linalopita nyuma ya washindani wote, bado halijapita. Fanya hivyo msimu mmoja, kisha tuongee habari ya gari.

Otokrosi inayofuata nitakuwa kwenye kona ya pili. Uwe langoni saa kumi na moja alfajiri. Vaa viatu vya ngozi, beba maji lita tatu na kitambaa cha kufunga mdomo. Filimbi ninayo ya ziada.