Kisu cha kukunja cha kukatia: kague wembamba kabla ya jina

Kisu kizuri cha kutembea nacho mfukoni, kwa mtu ambaye kazi yake kubwa ni kukata matunda, mboga, mkate na kamba, ni kisu chembamba. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo wauzaji wasilolisema. Utaambiwa chuma ni cha Mjerumani. Utaonyeshwa loki inavyojibana, utaonyeshwa kinavyofyatuka kwa kidole gumba, utaambiwa hata msumari kinakata. Hakuna hata moja katika hayo linalokuambia kama kitakata embe.

Mimi nashinda mashambani na wakulima wa machungwa huku Muheza, na kisu cha kukunja nakihitaji kila siku. Napasua chungwa nione kama limejaa maji. Nakata kamba za viroba. Chai ya saa nne ikiletwa, nakatia boflo na parachichi. Nimetumia vya mezani kwa machinga na vya dukani vya bei ya kuuma, na ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wenzangu wakiniuliza wanunue kipi.

Ukitaka kuelewa habari ya wembamba, chukua embe bichi, lile gumu la kula na chumvi na pilipili, ulikate kwa kisu kinene. Makali yanaingia vizuri mwanzoni. Yakifika katikati, unene wa mgongo nao unaanza kuingia, na hapo unalisukuma embe huku na huku. Unasikia "tak", kipande kinaruka. Kiokote ukitazame: nusu ya juu ni laini na inang'aa, nusu ya chini imeparuzika, kwa sababu haikukatwa, imepasuka. Karoti hufanya hivyohivyo, na muhogo mbichi ndiyo usiseme. Kisu chembamba kinashuka mpaka mwisho bila kulazimishwa, na kipande kinabaki kimelala pembeni ya mwenzake. Makali ya visu vyote viwili yanaweza kuwa sawasawa, vyote ukavinoa mpaka vikanyoa nywele za mkono. Tofauti iko nyuma ya makali.

Kwa vipimo, mgongo wa milimita 1.5 hadi 2 unatosha kwa kila nilichokitaja. Vile visu vyeusi vyenye matundu na meno mgongoni, vinavyouzwa kwa sura ya kijeshi, mara nyingi vina milimita 3 na kuzidi. Lakini usiishie kwenye mgongo. Bapa zuri linapungua taratibu kutoka mgongoni mpaka kwenye makali, bila kituo. Bapa baya lina unene uleule karibu njia nzima, halafu linachongwa ghafla pale chini ili lipate makali. Kisu cha namna hiyo hata kikiwa na mgongo wa milimita 2 kinasumbua kwenye kitunguu.

Namna ya kulijua hili mbele ya muuzaji ni rahisi. "Dada, hiki orijino, hakina mpinzani," atakuambia. Mjibu tu, "Sawa kaka, naomba nikikague." Kifungue, kibane bapa kwa kidole gumba na cha shahada kutokea mgongoni, kisha teremsha vidole polepole kuelekea makali, ukiishia juu yake kidogo bila kuyagusa. Vidole vitakuambia. Visogeleane hadi karibu vikutane, na visikute ukingo au ngazi njiani. Ukishazoea, huhitaji kipimo chochote kingine cha wembamba.

Ukiwa bado umekishika, jaribu kulitikisa bapa kushoto na kulia. Likicheza pale kwenye bawaba, kirudishe, maana mchezo huo hukua. Kifunge, uangalie kama bapa linaingia katikati ya mpini au linasugua upande mmoja, na kama ncha imezama yote. Ncha inayochungulia itakutoboa mfuko, kisha paja. Mwisho kielekeze kwenye mwanga makali yakikutazama: makali mazuri hayaonekani, na pakiwa na nukta inayong'aa ujue hapo ni butu au pamemeguka. Hilo la mwisho si sababu ya kukikataa, kwa kuwa kunoa utanoa mwenyewe. Unene huwezi kuuondoa kwa kinoo cha nyumbani.

Nina neno kuhusu visu vya kubebeshea miche, yaani kuunganishia tawi la mti mmoja kwenye shina la mwingine, maana huku vipo vingi na watu huvigeuza vya matumizi yote. Kisu cha kubebeshea kawaida hunolewa upande mmoja tu, upande wa pili ukabaki umenyooka, ili kikwanyue ngozi ya mti na kulaza jeraha sawa. Ukikatia nyanya au mkate, kinakwenda upande: unaanza kipande chembamba unamalizia kinene. Kiache kwenye miche. Tena hakifai kuzunguka kati ya mti mgonjwa na chakula chako.

Urefu. Wengi wetu hatukatii kwenye kibao. Kitunguu kinakatiwa kiganjani, nyanya kiganjani, sukuma wiki inakunjwa ngumi moja na kukatwa hewani. Ushauri mwingi wa visu hauzungumzii mkono wa namna hiyo, na unabadilisha uchaguzi. Bapa la sentimita 7 hadi 9 ndilo linalofaa. Chungwa la kawaida lina upana wa sentimita 7 au 8, kwa hiyo kisu cha urefu huo kinalimaliza kwa mvuto mmoja, na bado unakimudu unapokata kuelekea kidole gumba. Zaidi ya hapo ncha inaanza kutangatanga karibu na kifundo cha mkono. Kwa ukataji wa kiganjani mimi napendelea pia ncha isiyochongoka sana. Na kama unatumia kibao, kata ukiwa ukingoni mwake, mpini ukiwa nje, kwa sababu mpini wa kisu cha kukunja uko usawa mmoja na bapa na vidole vyako vitagonga ubao kabla makali hayajafika chini.

Loki ndiyo watu huibishania sana. Unapokata kwa kuvuta, nguvu inalisukuma bapa lizidi kufunguka, halijifungi. Kinacholifunga bapa juu ya vidole ni kuchoma kwa ncha, kutoboa kopo, kuzungusha kisu ndani ya tundu, au kukikwamisha kwenye kitu kigumu na kukichomoa kwa kukisokota. Kwa hiyo mtu wa kukata tu anaweza kuishi vizuri na kisu cha springi ya kawaida, kile unachokifunga kwa kukisukuma tu. Lakini kama ni cha kumpa kijana anayejifunza, au kama unajua utachomea, chukua chenye loki, na ukague loki yenyewe: kifungue, gonga mgongo wa bapa kwa upole kwenye ngozi ya kiatu au mkanda, uone kama inashika.

Kwenye chuma, sisi wa Pwani tuna mambo yetu. Chuma cha kaboni kinanoleka kwa urahisi na kinapata makali matamu sana, lakini hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja haikisamehi. Ukikiacha na maji ya ndimu usiku mmoja, asubuhi kina madoa. Ule weusi wa kijivujivu unaokuja kwa kukata matunda makali hauna ubaya, na hata unakikinga kidogo. Kutu nyekundu ndiyo adui. Mtu aliye Lushoto au Njombe, anayekipangusa kisu kila akimaliza, achukue cha kaboni kwa amani. Aliye karibu na bahari, au anayejijua hapangusi, achukue chuma kisichoshika kutu. Usikimbilie vyuma vigumu kupita kiasi. Visu vya Victorinox, vile vya Uswisi nitakavyovirudia chini, viko kwenye ugumu wa takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell, na ndiyo maana hata kinoo cha kawaida kinavirudisha kwenye makali upesi. Vyuma vigumu zaidi hukaa na makali muda mrefu, lakini yakiisha utahitaji kinoo cha almasi, na hicho hakiuzwi kila gulio.

Majina sasa. Kisu ninachokipendekeza kwa watu wengi ni Opinel namba 8. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, milimani Ufaransa, vikiwa visu vya wakulima, na umbo halijabadilika sana. Bapa ni la sentimita 8.5, jembamba, linapungua taratibu mpaka kwenye makali, na kinatoka cha kaboni au kisichoshika kutu, hicho cha pili kikiwa kimechapwa neno "INOX". Loki yake ni pete ya chuma unayoizungusha, iliyoongezwa mwaka 1955. Kasoro yake kwetu ni mpini wa mti: unakunywa unyevu na kuvimba, na wakati wa masika bapa linaweza kukwama ndani likakataa kutoka kwa kucha. Dawa yake wanayo wenyewe Wasavoie. Fungua pete, gonga kitako cha mpini kwenye meza au gogo mara moja kwa nguvu, na mgongo wa bapa utachomoza. Kukizuia kisivimbe, kianike kivulini kikauke kweli, kisha upake mafuta kidogo ndani ya mfereji na kwenye bawaba. Mafuta ya nazi yanafaa. Ya alizeti yataganda na kunata.

Victorinox, kampuni iliyoanzia kwenye karakana ya Karl Elsener huko Uswisi mwaka 1884, ina visu vya springi ya kawaida vyenye bapa jembamba. Kile cha milimita 91 kikiwa kimekunjwa kinatosha chungwa na mkate, ingawa kwa embe dodo kubwa ni kifupi. Kwangu kinafaa kwa mtu wa ofisini na wa safari, asiyetaka watu washtuke akikitoa. Chagua chenye zana chache. Chenye zana nyingi kinanenepa mpini, na mkono unachoka kabla hujamaliza kachumbari ya watu kumi.

Halafu kuna Okapi, ambacho wazee wengi wanakijua: mpini wa mti wenye alama za mwezi na nyota, na pete mgongoni ya kuvutia loki. Vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Ni cha kaboni, ni chembamba kuliko kinavyoonekana, na kinakata. Lakini ncha yake imechongoka mno kwa kazi ya kiganjani, na kinapokosa mafuta loki yake inakuwa nzito.

Bandia ziko nyingi za majina yote hayo. Kama huwezi kuhakikisha, usilipe bei ya jina. Lipia kile vidole vyako vilichokiona. Kuna visu visivyo na jina lolote, vya mezani, ambavyo vina bapa jembamba na zuri, vinahitaji kinoo tu.

Kisha usafi, na hapa sina mzaha kabisa: kisu cha kula kisifungue mfuko wa mbolea wala chupa ya dawa ya wadudu. Ukiweza uwe na viwili. Maji ya embe na chungwa hujificha kwenye bawaba, yanaganda, na usiku sisimizi wanaingia ndani ya mpini. Ukiona kisu kimeanza kuwa kizito kufunguka wakati hakijapata kutu, mara nyingi ni sukari hiyo. Kitie maji ya moto yenye sabuni, kifungue na kukifunga humohumo mpaka kilegee, kipanguse, kianike kikiwa wazi, ndipo upake mafuta. Kwa sababu hii napenda mpini ulio wazi upande wa mgongo, ambao mwanga na maji vinapita. Cha mpini wa mti usikiloweke. Tia bawaba tu chini ya bomba.

Kunoa si kazi ya kuogopa. Laza bapa kwenye kinoo kilicholoweshwa, inua mgongo kiasi, nyuzi kama 15 hadi 20, na usukume kama unayetaka kukata utando mwembamba juu ya jiwe. Noa upande mmoja mpaka uhisi kijimkunjo chembamba cha chuma upande wa pili wa makali. Hapo geuza, na mwisho mapito mepesi ya kupokezana. Usipokuwa na kinoo, geuza kikombe cha udongo wa kauri chini juu. Ule mduara wa chini usio na rangi ya kung'aa unanoa vizuri sana. Usimpe kisu chembamba fundi wa gurudumu la baiskeli bila kumwambia aende taratibu, kwa sababu cheche zikizidi chuma kinapata moto, makali yanageuka rangi ya buluu, na sehemu hiyo haitashika tena makali mpaka uinoe yote iishe.

Kama unamnunulia ndugu aliye Uingereza, nunua cha springi ya kawaida, kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kwa sheria ya huko ya mwaka 1988, hicho mtu anaweza kutembea nacho bila kuulizwa sababu, isipokuwa sehemu zenye masharti yake. Chenye loki, hata kiwe kidogo namna gani, lazima awe na sababu nzuri ya kukibeba. Kwa hiyo Opinel namba 8 aiache jikoni kwake. Na wewe unayempelekea, kitie kwenye begi la kwenda chini ya ndege kabla hujafika uwanjani. Kwenye begi la mkononi kitabaki kwa wakaguzi.