Bega limeshonwa, upinde bado unaniita: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mama. Mi ni dada wa miaka 41, naishi Majengo hapa Moshi, natunza stoo ya vifaa vya michezo kwenye shule moja na hapo hapo ndo nilijifunza kupiga upinde, mwalimu aliyekuwepo alinionjesha jioni moja nikapenda, sasa ni mwaka wa sita. Mwaka jana nilianguka na bodaboda nikatua na bega la kulia, kano ikachanika, nikaja kufanyiwa operesheni ya matundu wakaishona. Leo niko wiki ya 15. Dokta aliniambia baada ya miezi mitatu ntakuwa sawa, basi wiki ya 13 nikachukua upinde wangu wa paundi 34 nikavuta mara moja tu, kufika nusu nikasikia kitu kinakwaruza ndani alafu maumivu mpaka kwenye kiwiko, usiku sikulala. Nimerudi wamenipima kwa altrasaundi wamesema mshono uko salama, ila kuhusu upinde hakuna aliyenielekeza, mmoja alicheka akasema mama mzima unataka upinde wa nini. Sasa naogopa hata kuugusa. Nianzie wapi, au ndo basi tena?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Sio basi tena, nakwambia mapema ili hayo mengine uyasome ukiwa umetulia.

Huyo aliyekucheka msamehe ila neno lake usiliweke moyoni. Upinde na hospitali ni ndugu wa siku nyingi. Tarehe 29 Julai 1948 daktari Ludwig Guttmann aliwapanga watu 16 walioumia vitani, wanawake na wanaume, wakiwa kwenye viti vya magurudumu, wakashindana kulenga shabaha kwa mishale kwenye viwanja vya hospitali ya Stoke Mandeville kule Uingereza, na ni kutokana na hayo mashindano Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, ikaja kuzaliwa. Alipenda upinde kwa sababu unajenga mabega, mikono na mgongo. Yaani kitu unachokipenda wewe kuna watu walikitumia kama dawa, ila dawa ina dozi, na wewe wiki ya 13 ulimeza chupa nzima.

Tuje kwenye hiyo miezi mitatu, maana hapa ndo wengi wanaumia. Bega linashikwa na misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, na kila msuli unaishia na kano iliyojishika kwenye kichwa cha mfupa wa mkono. Kano unaijua, ile nyeupe ngumu unayohangaika nayo kwenye makongoro. Damu inayofika pale ni kidogo, ndo maana haina haraka ya kupona. Daktari akishona anaivuta mpaka kwenye mfupa anaifunga kwa nyuzi na vipini vidogo, lakini uzi hauponyi, uzi unashikilia tu wakati kano yenyewe inajiotesha upya kwenye mfupa, na hiyo kazi inaendelea miezi na miezi wakati wewe kwa nje huoni hata kidonda. Kwa kawaida wiki 4 mpaka 6 mkono unakaa kwenye slingi, kile kitambaa cha kuuning'iniza shingoni, baada ya hapo unaanza kuunyanyua wenyewe kidogo kidogo, na kwenye wiki ya 12 hivi ndo unaruhusiwa kuanza kutafuta nguvu. Kuanza, mwanangu. Dokta alisema miezi mitatu wewe ukasikia umepona, na yeye hakukaa dakika mbili kukuelewesha, hilo namlaumu. Michezo inayolivuta bega kwa nguvu watu wanairudia kati ya miezi 6 na mwaka mzima, na mwenye sukari au anayevuta sigara mara nyingi anachelewa zaidi.

Mi mwenyewe bega la kushoto lilishonwa hivyo hivyo. Maumivu yaliisha mapema nikaamini limepona, wiki ya 10 nikanyanyua mkungu wa ndizi kumsaidia jirani, nikarudi nyuma mwezi mzima. Tangu hapo kila anayekaa mbele yangu namwambia maumivu kuisha na kano kushika ni vitu viwili, kimoja unakisikia kingine hukisikii, usipime kwa kile unachokisikia peke yake.

Sasa hesabu za upinde wako. Paundi 34 sio uzito wa upinde wenyewe, ni nguvu ya kuuvuta, kilo 15 na ushee. Hiyo namba iliyoandikwa inapimwa ukivuta inchi 28, kama mikono yako ni mifupi unaishia inchi 26 basi inapungua kama paundi 4, sio mbaya. Ila hata ukivuta yote 34, mishale 60 ya jioni moja ni paundi 2,040, kilo kama 925 zinapita kwenye hilo bega, na kila mshale unasimama kidogo unashikilia. Ukichukua upinde wa watoto wa paundi 16 ukapiga mishale 12, ni kilo kama 87 tu. Na wewe Mungu amekuweka stoo, wenzako wanatafuta upinde mwepesi hawapati, wewe nina hakika unao umetundikwa hapo ukutani.

Lakini hata huo subiri. Sahivi kazi yako ni mpira. Nenda kwa fundi baiskeli akukatie tyubu ya zamani mita moja na nusu, ioshe vizuri, ifunge kwenye nondo ya dirisha. Kiwiko kibane ubavuni, weka taulo iliyokunjwa katikati ya mkono na mbavu, vuta tyubu kwenda nje taratibu urudi taratibu. Alafu simama unaangalia dirisha, vuta kwa mikono yote miwili kama unapiga makasia mpaka makombe yakaribiane mgongoni. Siku tatu kwa wiki zinatosha, fizio wako, yule mtaalamu wa mazoezi ya tiba, akuangalie mara ya kwanza asije akawa na sababu ya kukataza maana yeye ndo anajua ulishonwa wapi na kwa ukubwa gani. Kama huna wa karibu, hapo Moshi hospitali ya KCMC wana idara ya mazoezi ya tiba, omba barua ya daktari wako uende.

Upinde mwepesi utaushika kwenye mwezi wa 5 au wa 6 tangu operesheni, na sio kwa sababu kalenda imesema. Simama mbele ya kioo nyanyua mikono yote miwili juu, ikienda sawa bila bega la kulia kukimbilia sikioni, na unaweza kulalia huo upande usiku, na fizio akikusukuma mkono anaona nguvu zinakaribiana na za kushoto, hapo sawa. Hapo anza kwa mita 3 mpaka 5 kutoka kwenye shabaha, bila karatasi ya duara, maana ukiiona rangi ya njano ya katikati utataka kuipata na ukitaka kuipata utasahau bega. Mishale 10 au 12, kesho yake pumzika. Ongeza kwanza idadi ya mishale, uzito baadae, paundi 2 hivi kila baada ya wiki mbili tatu, na kama asubuhi ya pili bega bado linauma rudi hatua moja nyuma bila kujihukumu. Hiyo 34 unaweza kuifikia mwaka ukiwa umekatika au ukikaribia. Ukiishia 26 ukapiga kwa furaha bado wewe ni mpiga upinde.

Kingine, wewe bila shaka unashika upinde kushoto unavuta kulia, kwa hiyo bega la mshono ndo linavuta. Usivute kwa bega, vuta kwa kombe, kiwiko kirudi nyuma kikizunguka kuelekea mgongoni. Usianze kuvuta upinde ukiwa juu ya kichwa kama wengine wanavyofanya, hapo kano inabanwa kwenye mfupa wa juu. Na kuna kitu wengi hawakisemi, kuurudisha upinde pole pole bila kuachia mshale kunalichosha bega pengine kuliko kuvuta, kwa hiyo siku za mwanzo ukishavuta piga tu, usikae unarekebisha rekebisha ukighairi kila mara. Ila usiachie kamba bila mshale hata siku moja, upinde unaweza kupasuka. Na hii Juni na Julai baridi ya Moshi ile ya asubuhi usiguse upinde kabla ya kutembea dakika 10 ukapata joto.

Mengi yanayoharibu mshono hayapo hata uwanjani. Ni ndoo ya maji, ni kukoroga ugali wa watu wengi, ni kudaka bomba la juu kwenye Hiace ikiwa imejaa na konda anasema sogeeni. Shika kwa kushoto, au subiri inayofuata. Waambie na watu wa nyumbani, maana ukishatoa slingi wanaona umepona, nguo za kufua zinarudi kwako zote siku hiyo hiyo.

Na uoga wako nauheshimu. Huo mkwaruzo ulikutisha ni sawa, lakini umepimwa mshono upo. Siku ya kwanza na upinde wa watoto mwite mtu unayempenda akae hapo pembeni.

SWALI: Habari Mama, naandika kutoka Njiro, Arusha. Mke wangu yuko wiki ya tatu baada ya operesheni ya bega, usiku hatulali kabisa, akilala chali linauma, akigeuka linauma. Nimsaidieje?

JIBU: Nzuri baba, na hongera kwa kumuulizia. Usimlaze bapa. Panga mito mpaka awe amekaa nusu, kama mtu anayesoma kitandani, slingi asiivue, na mto mwingine mdogo uende chini ya kiwiko ili mkono usidondoke nyuma. Hilo la mto wa kiwiko linabadilisha usiku mzima. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa ainywe kabla ya kulala, asisubiri mpaka aanze kulia. Mchana vidole, kifundo cha mkono na kiwiko vichezwe kama alivyoelekezwa. Usimnyanyue kitandani kwa kumvuta huo mkono, mshike mgongoni. Blauzi yenye vifungo mbele, mkono mgonjwa uingie wa kwanza kuvaa, uwe wa mwisho kuvua. Akipata homa, au kidonda kikawa chekundu na kutoa usaha, usisubiri asubuhi, mpeleke.

SWALI: Shikamoo Mama, mi ni kijana wa Sakina, Arusha. Bega langu lilichomoka kwenye mpira, nikafanyiwa operesheni miezi minne iliyopita. Nilinunua upinde kwa Wahadzabe nilipoenda Eyasi, je naweza kuutumia kujijengea nguvu?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Huo utundike ukutani kwanza. Wahadzabe wanashika pinde tangu wakiwa watoto wadogo kabisa, wanakua nao, mabega yao yamejengwa miaka na miaka, na upinde wa mtu mzima umetengenezwa kuangusha mnyama. Ni mgumu kweli kweli na hauna namna ya kuupunguza uzito, wakati wewe unahitaji kitu unachoweza kukilegeza. Na kama ulipewa na mishale hakikisha sio ile ya kupakwa sumu, iweke mbali na wadogo zako.

Alafu la kwako ni tofauti na la dada wa Majengo. Yeye ilichanika kano, wewe bega lilitoka mahali pake, kwa hiyo kama lilitoka kwa mbele hatari yako ni mkono kwenda nje na nyuma kwa nguvu, na mkono unaovuta upinde unakwenda huko huko. Mkono unaoshika upinde una shida yake nyingine, unasukumwa kuingia begani. Niandikie ni bega gani, lilitoka kwa mbele au kwa nyuma, na ni mara ngapi lilikuwa limeshatoka kabla ya operesheni, ntakujibu vizuri toleo lijalo.